Pweza wa Mafia, Shimoni na Kismayu waandikwe daftari moja

Huko Tasmania, kusini mwa Australia, wavuvi wamezoea sasa kumwona Octopus tetricus, pweza ambaye vitabu vya zamani vilimweka kaskazini zaidi, pwani ya New South Wales. Mkondo wa bahari unaoshuka kutoka kaskazini umeongezeka nguvu, maji yamepata joto, na watoto wa pweza wamebebwa humo. Sehemu ya ushahidi imetoka kwa wavuvi na wapiga mbizi wenyewe. Redmap, mradi ulioanzia Tasmania mwaka 2009, hupokea picha, mahali na tarehe. Wataalamu huzihakiki, ndipo zinaingia kwenye rekodi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ingefanya vema kuiga. Pweza wetu, Octopus cyanea, ametandaa kutoka pwani hii hadi Hawaii, na ramani inampaka rangi moja kote, bila kusema ni mwamba gani umebaki mtupu. Watoto wake huelea wiki kadhaa kabla ya kutua. Mkondo wa pwani hutoka Tanzania kwenda Kenya, na wakati wa kusi hufika Somalia, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2024. Pweza wa Shimoni huenda alianguliwa Tanga. Lakini kila nchi inahesabu wa kwake.

Anayeumia ni mama anayeshuka mwambani wakati wa bamvua na kurudi na pweza mmoja. Je, wamevuliwa kupita kiasi, au wamehama joto? Dawa si moja. Kufunga mwamba kwa miezi michache, kama walivyofanya majirani wa Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004, husaidia pale uvuvi ulipozidi. Joto halifungiwi mwamba.

Ipo tahadhari: pweza akiandikwa mahali papya, huenda alikuwapo siku zote, ila hakuna aliyetazama. Ndiyo maana rekodi zianze sasa, kabla ya mabadiliko, na zitaje hata siku ambazo hakupatikana kitu.

Gharama isiwe kisingizio. Simu zipo, Kiswahili kipo, na vikundi vya usimamizi wa fukwe vipo Tanzania na Kenya. Ziwa Victoria lilipata shirika lake la uvuvi mwaka 1994, makao yake Jinja. Mawaziri wa uvuvi waeleze kwa nini bahari bado inasubiri.