Barua ya Wazi: Mlango wa Mgodi Haulazwi Kiporo

Kwa Mkuu wa Ofisi inayosimamia ukaguzi wa migodi,

Yah: Amri ya kusitisha kazi katika mlango wa mgodi wa bati, Kyerwa

Kwa heshima inayostahili cheo hicho, barua hii inatoka kwa mwanahisa mmoja wa Muleba katika kikundi cha wachimbaji wadogo, ambaye kibanja chake, yaani shamba la migomba na mibuni lenye nyumba na makaburi ya wazee, kiliuzwa ili kugharamia mlango wa mgodi ambao sasa ni kifusi. Faili ofisi inalo, hivyo hapana haja ya kulisimulia upya.

Mlango wa mgodi ni mahali ambapo njia ya chini ya ardhi inaanzia ubavuni mwa kilima, na ndio sehemu dhaifu kuliko zote, kwa kuwa mwamba wa karibu na uso umekwisha kulainishwa na mvua na kupasuliwa na mizizi. Kwa hiyo mpango wa kazi, uwe wa makaa ya mawe kama kule Kiwira au wa bati kama huku Kyerwa, huanzia hapo: uso wa kilima hukatwa kwa mteremko, mtaro wa kukinga maji huchimbwa juu yake, kisha matimba, ambayo ni magogo ya kuegemeza paa na kuta, husimamishwa yakiwa yamekaribiana kabla ya kusogea mbele. Kazi hiyo ikishaanza haina nusu. Mlango uliokatwa ukaachwa bila matimba ni hatari kuliko kilima ambacho hakijaguswa.

Amri ya ofisi iliyakuta matimba yamerundikwa pembeni, magogo ya mkaratusi yaliyokwisha kuchongwa vichwa, ikaagiza kwamba mtu yeyote asiguse chochote mpaka mkaguzi afike. Amri ikatiiwa. Mkaguzi hakufika, masika yakafika, maji yakaingia nyuma ya uso uliokatwa, kilima kikaporomoka na kibanja kikaenda nacho. Matimba bado yapo pembeni, mazima.

Sababu iliyotolewa ya mkaguzi kutofika ni uhaba wa gari, na nani athubutu kubishana na ofisi juu ya magari yake. Ila bati likifika sokoni hukatwa mrabaha, yaani fungu la serikali katika thamani ya madini, wa asilimia 6, pamoja na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na katika makato hayo tatizo la gari halijawahi kusikika. Jiwe lililokwisha kutoka hukaguliwa. Tundu wanamopita watu kulifuata hukaguliwa likishawafukia, kama ilivyokuwa Geita Januari 2017, wachimbaji 15 wa mgodi wa RZ Union waliponasa chini kwa siku kadhaa kabla ya kuokolewa wakiwa hai. Kyerwa hakufa mtu kwa kuwa ndani hapakuwa na mtu, na bahati hiyo ofisi isiiandike katika taarifa yake kuwa ufanisi. Hasara ipo hata hivyo: vibarua waliokata mlango wanadai ujira wao.

Mamlaka ya mkaguzi kusimamisha kazi ya hatari hayabishaniwi. Kinachoombwa ni kwamba kila amri ya aina hiyo itaje kazi za kinga zinazoruhusiwa kuendelea, hasa mtaro na matimba, na itaje tarehe ya ukaguzi iliyo kabla ya mvua. Ielezwe pia ni nani atakayebeba hasara ya kibanja, au kama utii kwa serikali sasa ni gharama ya mtiifu peke yake. Mgodi wa nikeli wa Kabanga, Ngara, uliopewa leseni maalumu mwaka 2021, hautakosa wahandisi wa kupanga milango yake. Mchimbaji mdogo wa mkoa huu huu husifiwa majukwaani, hupewa leseni ya miaka 7, kisha huachiwa kilima chake.

Jibu linaombwa kwa maandishi kabla ya mvua za vuli, kwa kuwa kikundi kinakusudia kuufungua mlango upya, na kibanja kingine cha kuuza hakipo.

Mwanahisa, Muleba