Mkojo wa Binti Si Mali ya Shule

Mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili alinijia ofisini kuomba aahirishiwe mtihani. Nilipomuuliza sababu, alinisimulia mkasa uliompata akiwa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni, na baadaye akaniruhusu niuandike bila kumtaja. Kadiri ninavyoutafakari ndivyo hasira inavyonizidi.

Wenzake walimwita Bonge. Akaanza kuwagawia ugali wake, akabaki na mboga, kisha akabaki na maji. Siku alizolazimika kula, alijitapisha nyuma ya vyoo. Baada ya miezi michache hedhi ikakoma. Mwili unaonyimwa chakula hufanya hivyo: ubongo hupunguza vichocheo vinavyoiamuru ovari kufanya kazi, kwa kuwa hakuna akiba ya kulea mimba. Mapigo ya moyo hupungua, shinikizo la damu hushuka, mifupa hupoteza madini katika umri uleule ambao ilipaswa kuyajaza. Anayejitapisha hupoteza potasiamu, na moyo uliopungukiwa potasiamu huweza kupiga ovyo hata ukasimama.

Wasichana wa bweni waligundua kwamba hatumii taulo za kike. Habari zikamfikia matroni, na kutoka kwa matroni zikafika kwa mwalimu wa nidhamu. Binti akaitwa, akapewa kikopo, akakojoa mlango ukiwa wazi huku mtu mzima akimsimamia. Kipimo kikaonyesha hana mimba. Jioni, mstarini, mwalimu akatangaza kwamba safari hii amenusurika.

Uchunguzi ukaishia hapo. Mtoto wa miaka 16 hajaona hedhi kwa nusu mwaka, sketi inamvuka kiunoni, na taasisi nzima iliyodai kumlinda haikuwa na swali la pili! Shule ilitaka kujua kama ina aibu ya kuificha. Ilipojibiwa kwamba haina, ikarudi kwenye ratiba yake.

Naye hakwenda zahanati. Alikwisha kujifunza kwamba kinachosemwa kwa muuguzi hunywewa chai katika ofisi ya walimu. Alikwenda hospitali akiwa amebebwa, baada ya kuanguka darasani, na daktari wa huko alikuwa mtu wa kwanza kufunga mlango na kumuuliza anakula nini. Sasa ugonjwa umemrudia, na ndiyo sababu ya ombi lake la mtihani.

Wapo watakaoniambia kwamba kipimo hicho ni malezi, kwamba mimba za utotoni ni janga. Ni janga, sibishi. Lakini kipimo hakizuii mimba; huigundua ikiwa imekwisha kutunga, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kumtoa binti darasani. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili, na wakuu wa shule wakaihesabu mimba kuwa kosa hilo. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kuwaruhusu waliojifungua kurudi shuleni, nasi tukapiga makofi. Kuhusu kikopo chenyewe tulizungumza kidogo mno. Mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliitaka Tanzania ikomeshe upimaji huu wa lazima. Ibara ya 16 ya Katiba yetu humpa kila mtu hifadhi ya nafsi na maisha yake binafsi. Sijaona mahali inapomtoa mwenye sare ya shule. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya mwaka huohuo wa 2022, nayo ipo. Tunaisoma tunapozungumzia simu na benki, utadhani mwili wa msichana hauna taarifa.

Sisemi kwamba mzazi asiambiwe kamwe. Maisha ya mtoto yakiwa hatarini, daktari atamwambia mzazi, na ni vyema amweleze mtoto kwanza kwamba atafanya hivyo na kwa nini. Kumwambia mama ni jambo moja, kuwatangazia wanafunzi mstarini ni jambo jingine kabisa, na mwalimu mzima anayeshindwa kuyatofautisha hana sababu ya kushika kikopo cha mtu. (Wavulana, kwa taarifa yenu, hawajawahi kupewa kikopo, ingawa mimba hizo hazikuletwa na upepo.)

Kwa hiyo nawageukia ninyi maafisa elimu mnaosoma hapa, baadhi yenu nimewafundisha. Mtakapokagua shule, msiishie kwenye maabara na madawati. Ulizeni nani anapima, kwa ridhaa ya nani, na majibu huandikwa wapi. Shuleni kwa binti huyu yaliandikwa katika daftari lenye majina kamili na tarehe, lililokaa juu ya meza ya ofisi ya walimu, kando ya boksi la chaki.