Mifupa Imerudi, Majina Yamefukuzwa

Mkataa kwao mtumwa. Methali hii ya pwani ina hekima yake, lakini maana yake imekuwa fimbo mikononi mwa watawala wengi wasioijua hata lugha iliyoizaa. Kila anayeondoka huambiwa kuwa amekataa kwao. Ni nadra kuulizwa iwapo kwao ndiko kulikomkataa. Warusi wamepigwa kwa fimbo hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Waliobaki wamefundishwa kuwa waliokwenda ni wasaliti. Waliokwenda nao wakajifariji kuwa Urusi ya kweli imeondoka pamoja nao, imo masandukuni mwao. Kauli zote mbili ni za uongo, na uongo wa kwanza ni mbaya zaidi kwa kuwa una mahakama, polisi na magereza ya kuutetea.

Tarehe 28 Desemba 2021 Mahakama ya Juu ya Urusi iliamuru jumuiya ya Memorial ivunjwe. Jumuiya hiyo, iliyoasisiwa 1989 na watu akiwamo mwanafizikia Andrei Sakharov, ilikuwa imetumia zaidi ya miaka thelathini kukusanya majina ya watu waliouawa na kufungwa na dola ya Kisovieti. Kosa lililotajwa rasmi lilikuwa la kuchekesha: kutoyatia maandishi yake alama ya "wakala wa kigeni" iliyolazimishwa na sheria. Lakini mwendesha mashtaka hakuweza kujizuia, akatoa lililokuwa moyoni. Alilalamika kuwa Memorial inauchora Umoja wa Kisovieti kama dola ya kigaidi, akahoji kwa nini kizazi cha washindi kione haya na kitubu, badala ya kujivunia historia yake tukufu.

Swali hilo linastahili jibu, kwani aliyeliuliza siku ile alikuwa msemaji tu wa wengi. Na jibu la kwanza ni kuwa swali lenyewe limejengwa juu ya msingi wa mchanga. Linadai kuwa wako wana wa washindi upande huu, na wana wa waathirika upande ule. Kwamba kila familia ya Kirusi ina babu mmoja tu, naye alikufa akiwa ameshika bunduki.

Hapana mwenye akili timamu anayewanyima Warusi haki ya kuiadhimisha tarehe 9 Mei. Vita dhidi ya Hitler viliugharimu Umoja wa Kisovieti roho za watu wapatao milioni 27, wa mataifa yake yote. Mji wa Leningrad ulizingirwa kwa siku 872, na watu wakafa kwa njaa majumbani mwao. Huzuni hiyo ni ya kweli, na haikuhitaji serikali kuizua. Ndiyo maana mwaka 2012 waandishi wa habari wachache wa mji wa Tomsk, huko Siberia, waliposhauri kuwa kila mtu atoke barabarani na picha ya mzee wake aliyepigana, watu waliitika kwa maelfu. Waliliita Jeshi Lisilokufa, na wakaweka sharti kuwa pasiwe na bendera za vyama wala mambo ya siasa. Halikupita muda mrefu. Mwaka 2015 rais wa nchi alikuwa akitembea mbele ya msafara wa Moscow, na jambo lililoanza kama deni la mjukuu kwa babu yake likawa sherehe ya dola.

Lakini babu wa pili yuko wapi? Kwa hesabu za polisi wa siri wenyewe, katika miaka miwili tu ya 1937 na 1938 watu 681,692 walihukumiwa kifo kwa tuhuma za kisiasa. Kwenye uwanja mmoja wa Butovo, nje kidogo ya Moscow, walipigwa risasi zaidi ya 20,000: makasisi, mafundi, wakulima, walimu, na wengine waliokuwa wakomunisti wa kweli. Watu hao hawakushuka kutoka nchi nyingine. Ni ndugu wa askari wale wale ambao picha zao hubebwa mwezi wa Mei. Nyumba moja ilitoa maiti mbili, na mwendesha mashtaka anaitaka iomboleze moja na kuikana ya pili. Hiyo si fahari. Ni kumlazimisha mtu aape kuwa nusu ya ukoo wake haikupata kuzaliwa.

Watetezi wa dola watasema kuwa haya yamekwisha kutengenezwa. Kwamba Urusi mpya imewapatanisha Wekundu na Weupe, waliobaki na waliohama. Watataja tarehe 3 Oktoba 2005, siku mabaki ya Jenerali Anton Denikin, aliyefariki Marekani mwaka 1947, na ya mwanafalsafa Ivan Ilyin, aliyefariki Uswisi mwaka 1954, yalipozikwa kwa heshima kubwa katika Monasteri ya Donskoy mjini Moscow. Watataja pia kuwa mwaka 2007 Kanisa la Kirusi la ughaibuni liliungana tena na lile la Moscow baada ya kutengana kwa zaidi ya miaka themanini. Yote hayo yalitokea kweli. Kinachobaki ni kuuliza ni upatanisho wa namna gani unaoipokea mifupa kwa mizinga na kuyafukuza majina kwa hati ya mahakama.

Mifupa haina neno. Haisahihishi kitabu cha skuli, haidai faili lifunguliwe. Denikin aliporejeshwa hakurejeshwa pamoja na Wayahudi wa Ukraine waliochinjwa na wanajeshi wake mwaka 1919. Alirudishwa akiwa amepunguzwa kila kitu isipokuwa ukakamavu na uzalendo, yaani yale tu yanayoweza kuitumikia serikali iliyopo. Maiti kama hiyo haikupatanishwa na mtu. Imesajiliwa jeshini upya.

Haki hailali upande mmoja, na waliohama nao wana lao la kujibu. Katika kumbi za Paris, Belgrade na New York walitengeneza Urusi ya picha za ukutani, isiyokuwa na mkulima mwenye njaa wala mjeledi. Walijua kuzihesabu dhambi za Wabolsheviki kwa tarehe, na wakawa wasahaulifu ilipofika zamu ya dhambi zao. Jenerali Pyotr Krasnov, mwandishi wa riwaya zilizopendwa ugenini, alijiunga na Hitler kwa chuki ya Stalin, akanyongwa Moscow mwaka 1947. Denikin, kwa sifa yake, alikataa kata kata kufuata njia hiyo. Ni tofauti kubwa kati ya wanaume wawili wa jeshi moja na uhamisho mmoja, na wako waliopendelea kuifunika kwa wimbo wa zamani kuliko kuizungumza. Kumbukumbu inayotaja waliouliwa kwetu tu, na kuwanyamazia waliouliwa na wetu, ni nusu ya kumbukumbu. Na nusu ya kumbukumbu ni uongo uliovaa nguo za ukweli.

Kama si dola wala si masanduku ya wahamiaji, basi ni nani aliyeihifadhi kumbukumbu ya Warusi? Wapenzi wa ushairi wanalo jibu karibu. Anna Akhmatova aliposimama miezi kumi na saba kwenye foleni za magereza ya Leningrad akimtafuta mwanawe, aliutunga utenzi wa maombolezo ambao hakuthubutu kuuweka nyumbani kwa maandishi. Aliandika beti kwenye kipande cha karatasi, akampa rafiki asome. Rafiki akizishika kwa ghibu, karatasi ikachomwa papo hapo. Lydia Chukovskaya alikuwa mmoja wa marafiki hao. Nadezhda Mandelstam naye aliyabeba kichwani mashairi ya mumewe Osip, aliyefia kwenye kambi ya wafungwa karibu na Vladivostok mnamo Desemba 1938, akayachunga kwa miaka mingi hadi ilipowezekana kuyatoa. Watu wa pwani, ambao mashairi yao yaliishi vifuani kabla ya kuishi vitabuni, hawahitaji kuelezwa uzito wa amana hiyo.

Sasa tazama njia iliyopita amana yenyewe. Utenzi wa Akhmatova uliochungwa kwa ghibu Leningrad ulichapishwa kwanza Munich mwaka 1963, na wahamiaji. Nyumbani ulingoja hadi 1987. Riwaya ya Boris Pasternak, *Dokta Zhivago*, ilitoka Italia mwaka 1957, na Urusi mwaka 1988. Kitabu cha Aleksandr Solzhenitsyn juu ya makambi, kilichokusanywa kutoka vinywani mwa mamia ya wafungwa, kilipigwa chapa kwa Kirusi mjini Paris mwaka 1973. Wananchi wake walikisoma waziwazi kuanzia 1989. Waliobaki walihifadhi, waliohama wakachapa. Bila ya wa kwanza pasingekuwa na cha kuchapa. Bila ya wa pili pasingekuwa na cha kurudisha. Huo ndio ushahidi mkubwa dhidi ya kila anayetaka kuwagawa Warusi kuwa watiifu wa ndani na wasaliti wa nje. Tangu hapo nafsi ya taifa lao imekuwa kazi ya mikono miwili, na anayekata mkono mmoja hauponyi mwili.

Bara la Afrika lenyewe ni shahidi. Mwishoni mwa 1920, baada ya Weupe kushindwa huko Krimea, mabaki ya jeshi lao la majini yalivuka bahari hadi bandari ya Bizerte, Tunisia, yakiwa na watu wapatao elfu sita. Ndani ya meli hizo alikuwamo mtoto wa miaka minane, Anastasia Shirinskaya. Mwaka 1924 Ufaransa ilipoitambua serikali ya Kisovieti, bendera ilishushwa, na hatimaye meli zikauzwa kuwa vyuma chakavu. Wengi walikwenda zao. Anastasia alibaki, akawa mwalimu wa hesabu, akalitunza kanisa dogo lililojengwa kuwakumbuka wanamaji wale, pamoja na makaburi yao. Aliishi bila ya uraia wowote hadi mwaka 1997, akafariki 2009 akiwa na umri wa miaka 97. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini mwanamke huyu meli yake ilivunjwa, ngama na yote, na bado hakupotea. Hakumtukana aliyebaki, wala hakudai kuwa Urusi ni yake peke yake. Alikumbuka kwa mikono, kwa kufagia na kuandika, na Waarabu wa Bizerte wakamhesabu kuwa mwenzao, hata uwanja mmoja wa mji ukapewa jina lake. Yuko wapi mtumwa hapo?

Linganisha uaminifu huo na matumizi ya leo ya neno "mwenzetu wa ng'ambo". Umoja wa Kisovieti ulipovunjika 1991, Warusi wapatao milioni 25 walijikuta nchi za nje bila ya kuhama hata hatua moja. Mipaka ndiyo iliyohama. Walihitaji skuli, pasi na ujirani mwema. Walichopata ni dola iliyojitangaza kuwa mlezi wa kila anayesema Kirusi, kana kwamba lugha ni hati ya kumiliki ardhi na watu. Mwisho wa hoja hiyo ulionekana 2022 mjini Mariupol, mji wa Ukraine ambao wengi wa wakazi wake walisema Kirusi tangu utotoni. Uliteketezwa kwa mizinga ya wale waliodai wamekuja kuwaokoa wenye lugha hiyo. Mwenye kusema Kiswahili Bukavu au Maskati si raia wa Dodoma wala wa Nairobi kwa sababu ya ulimi wake, na hapana anayetia shaka utu wake kwa hilo. Lugha ni nyumba isiyokuwa na mwenye kodi.

Mwezi Machi mwaka huo huo wa 2022, maelfu ya Warusi wakiwa tayari njiani kuondoka, rais wao alisema kuwa taifa litawatema wasaliti kama mtu anavyotema kijidudu kilichomwingia kinywani. Fimbo ile ile ya zamani, mkono mwingine. Na waliotemwa safari hii watajaribiwa kama waliowatangulia: kujiona safi kwa kuwa wako mbali. Umbali haumsafishi mtu. Kama wanataka kuwa warithi wa Akhmatova na si wa kumbi za picha za ukutani, watayaandika pia majina ya waliouawa Mariupol na Bucha, katika Kirusi hicho hicho, kwani yaliyotendwa huko yalitendwa kwa jina la lugha yao.

Iko ibada moja ya kiraia inayoonesha jinsi hilo linavyowezekana. Kuanzia 2007, kila tarehe 29 Oktoba, Memorial iliwaita watu kwenye Jiwe la Solovetsky mjini Moscow, jiwe lililoletwa kutoka visiwa vya kaskazini vilivyokuwa kambi ya wafungwa na kuwekwa mbele ya makao makuu ya polisi wa siri. Foleni iliundwa kuanzia asubuhi hadi usiku. Kila mtu alisoma jina, umri, kazi na siku ya kuuawa: seremala, miaka 41, mhasibu, miaka 33. Wengi waliongeza jina la mzee wao, kisha wakampisha aliye nyuma. Tangu 2020 wenye mamlaka wameunyima mkutano huo ruhusa, kwa kisingizio cha maradhi ya Korona. Watu wangali wakienda kimya na maua, na majina yanasomwa katika miji ya nje na wale waliotemwa.

Hilo ndilo jibu kwa swali la mwendesha mashtaka. Mjukuu haambiwi atubu dhambi asiyoitenda. Anaombwa asimame foleni, asome jina la mtu mmoja, na asikie haya kidogo ikiwa sauti yake itatetemeka. Dola isiyoweza kuvumilia sauti hiyo kwenye kiwanja chake yenyewe haina haki ya kumwambia yeyote kuwa amekataa kwao. Aliyewakataa watu wa kwao ni yeye.