Msalaba si Hati ya Kiwanja

Mwandishi wa safu ya Jumapili iliyopita anadai kwamba mfuasi wa kweli wa Yesu hutambulika kwa baraka zinazoonekana: gari, kiwanja, mwili usiougua. Nakataa. Mali si dhambi. Kuifanya kipimo cha imani ndiko ninakokupinga.

Kwa kipimo hicho, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda alikuwa mfuasi hafifu. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin kupinga mauaji ya raia. Tarehe 16 akauawa. Serikali ikasema ni ajali ya gari. Mwili ukapelekwa kwao Mucwini, na kaburi alilochimbiwa kwenye kanisa kuu la Namirembe likabaki tupu. Waumini wakalizunguka shimo lile wakiimba.

Jirani yangu, mama muuza vitumbua, kila alfajiri kabla ya kuwasha jiko humwogesha mzee aliyepooza ambaye si ndugu yake. Humgeuza taratibu, humpaka mafuta mgongoni asipate vidonda. Mwenyewe amepanga chumba kimoja, na miguu humvimba. Mwandishi wetu angempita mlangoni, macho yakitafuta gari. Mimi nikimtafuta mwanafunzi wa Yesu, nabisha hodi pale.