Amani Katikati ya Sufuria

Ndugu msomaji, huenda leo umetoka kanisani moyo umetulia. Kufika nyumbani, maji yamekatika, watoto wanagombana na vyombo vya jana vimejaa karai. Amani ikatoweka kabla hujavua viatu!

Yuko mtu aliyeifahamu vyema hali hiyo. Bruda Lawrence alikuwa mwanajeshi, akajeruhiwa vitani, kisha akajiunga na watawa Wakarmeli mjini Paris katika karne ya 17. Huko akapelekwa jikoni. Kazi hiyo hakuipenda hata kidogo, lakini aliifanya kwa muda wa miaka 15 hivi.

Je, alipataje utulivu? Hakungoja kazi iishe ndipo asali. Alizungumza na Mungu papo hapo penye moto, kwa maneno machache, kama mtu anayeongea na rafiki aliye karibu naye.

Hata hivyo, usidhani mambo yalimnyookea mara moja. Yeye mwenyewe aliandika kwamba miaka 10 ya kwanza aliteseka sana moyoni. Hilo hunifariji kuliko mengine yote, kwani sufuria iliyoganda ukoko wa ugali bado hunipandisha hasira.

Basi jioni hii, mikono ikiwa ndani ya povu, mtajie Mungu linalokusumbua, iwe ni karo, kodi ya nyumba au mkubwa wako kazini. Kisha endelea kusugua. Ukifoka tena kabla ya sahani ya tatu, omba msamaha uanze upya. Bruda naye alifanya vivyo hivyo.