Kuku wa Rumonge hana jina, ndiyo maana hahesabiwi

Ukimwuliza mama anayeuza kuku sokoni Rumonge kuku wake ni wa aina gani, atakujibu: wa kienyeji. Ukimwuliza kwa Kirundi atasema inkoko, basi. Shuka kusini kwa boti hadi Kigoma, kisha panda treni hadi Tabora, na swali hilohilo litapata jibu jingine. Huko watakutajia kuchi, tena watakuonyesha: miguu mirefu, shingo ndefu, upanga mdogo, manyoya haba, na hasira ya kupigana isiyosubiri kuchokozwa.

Jina linaonekana jambo dogo, lakini bila jina mfugo hauingii katika daftari la dunia. Mwaka 2007, mjini Interlaken nchini Uswisi, mataifa yalikubaliana juu ya mpango wa kulinda mbegu za mifugo, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) huzipanga mbegu hizo kwa hesabu. Kwa mnyama anayezaa haraka kama kuku, mbegu iliyobakiwa na majike wazazi wasiozidi 100, au madume wasiozidi 5, iko mahututi. Ikiwa na majike wasiozidi 1,000 au madume wasiozidi 20, iko hatarini. Hesabu hiyo haiwezekani kwa kuku anayeitwa kienyeji tu. Anaweza kutoweka kijiji baada ya kijiji, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, na bado takwimu za nchi zikaonyesha kwamba kuku wameongezeka.

Tanzania imetangulia katika hili. Miaka ya 2000 ilipoanza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, waliwapima kuku wa kienyeji na kukuta kwamba si kundi moja. Kuchi, ching'wekwe, singamagazi na wale wa Mbeya walitofautiana kwa umbo na kwa uzito. Jogoo wa kuchi alipita kilo mbili na nusu, wa ching'wekwe hakufika mbili. Vipimo vya vinasaba vilivyofuata vilionyesha kuchi ana undugu, kwa upande wa mama, na kuku wa kupigana wa Asia, akiwemo shamo wa Japani. Kuchi anafugwa Lamu pia, na wapenzi wake humlipia bei ambayo mpishi wa pilau hawezi kuielewa.

Ikiwa alifika pwani kwa majahazi na bara kwa misafara, basi alipita njia ileile iliyoleta Kiswahili Tabora, Ujiji na hatimaye Rumonge. Sitashangaa damu yake ikionekana siku moja katika kuku wa mwambao wa Burundi. Hata hivyo, anayehitaji kutazamwa Rumonge si kuchi wa kuazima. Ni kuku aliyezoea joto la hapo, anayejitafutia chini ya michikichi, anayeatamia mayai yake mwenyewe kwa siku 21 na kulea vifaranga wake bila taa wala mashine.

Uwezo huo wa kuatamia ndio unaopotea kwanza. Kuku chotara wa biashara, kama Kuroiler wa India aliyeingizwa Uganda mwaka 2010 na Sasso wa Ufaransa, hukua haraka na kutaga mayai mengi. Simlaumu mfugaji anayewachukua. Lakini Kuroiler jike kwa kawaida haatamii, na watoto wa chotara hawafanani na wazazi wao, kwa hiyo mwenye kuwategemea atarudi kila mara kununua vifaranga. Wakati huohuo jogoo wa chotara hajui mpaka wa ua. Katika kijiji ambacho kuku wote hutembea huru, misimu michache inatosha kuibadilisha damu ya mtaa mzima.

Mwaka 2024 ulikumbusha watu wa ziwa thamani ya kuku asiyenunuliwa chakula. Maji ya Tanganyika yalipanda na kuingia katika makazi ya mwambao, Rumonge ikiwemo. Mwaka huohuo Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kufuatana na makubaliano ya uvuvi ambayo nchi nne za ziwa zilitia saini Desemba 2021. Nyavu zikipumzika, kuku ndiye anayeuzwa ili karo au dawa ilipwe. Kuku wa kufungiwa bandani hawezi kuziba pengo hilo, kwa sababu chakula chake chenyewe huchanganywa na dagaa, yaani ndagala, ambao ndio walioadimika.

Adui mkubwa wa kuku huyu ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ukiingia kijijini kiangazi unaweza kufagia karibu kundi zima, na mbegu yenye majogoo wachache haina akiba ya kuanzia upya. Dawa ipo jirani. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania hutengeneza huko Kibaha chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo za kawaida. Tone moja la jicho, kisha kurudia kila baada ya miezi mitatu au minne.

Hapa ndipo suala la kuku linapokuwa suala la Jumuiya. Mkataba wa Afrika Mashariki wa 1999 una kifungu cha 107 kuhusu kuzalisha na kusambaza mifugo, na cha 108 kuhusu kudhibiti magonjwa. Burundi imo tangu 2007, Kongo tangu 2022. Lakini mwishoni mwa Oktoba 2017 Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 waliotoka Kenya kupitia Namanga, kwa hofu ya mafua ya ndege. Hofu ilikuwa na msingi, maana Uganda ilikuwa imethibitisha ugonjwa huo Januari mwaka uleule. Kilichokosekana ni cheti ambacho nchi zote mbili zingekiamini.

Kwenye ziwa kukosekana huko kuna gharama ya pekee. Jogoo mmoja hutosha majike wanane hadi kumi, na asipobadilishwa atawapanda binti zake, kisha wajukuu wake, mpaka vifaranga wadhoofike. Kundi dogo hupona kwa kubadilishana majogoo na majirani, na majirani wa Rumonge wako Kigoma na Fizi vilevile. Mpaka ukiwa mgumu, jogoo huvuka kwa siri bila chanjo, akibeba mdondo pamoja na damu mpya.

Taasisi ya utafiti wa kilimo ya Burundi, ISABU, inaweza kuanza na mizani na kamera katika masoko ya mwambao, ikishirikiana na wenzao wa Morogoro ambao njia ya kupima wanaijua. Bandari za Rumonge, Kigoma na Baraka zinaweza kukubaliana cheti kimoja cha chanjo kwa majogoo wachache wa mbegu. Ni jambo la kufanya kabla jogoo wa chotara hajafika kila ua, kwa sababu baada ya hapo mizani itakuwa inampima kuku mwingine.