Mkono Mmoja Haulei Mwana
Tangu mwaka 1991 watoto wengi wamefika kambi za Dadaab, Garissa, bila wazazi wao, wakapokewa na jamaa na majirani. Wema huo wastahili sifa. Lakini mlezi mwenye huruma asiye na unga atafanyaje? Na yatima akigeuzwa mtumishi wa nyumba, nani atamwona? Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua kafala: Mwislamu humlea mtoto asiye wake, naye mtoto hapotezi nasaba yake. Basi mtoa sadaka asipeleke unga tu, akaenda zake. Na abishe hodi tena, amwulize mtoto mwenyewe kama amekula na kama huenda shule. Aonapo mateso apige simu 116, isiyo na malipo.